Nimekuchagua Wewe Tu

Mama Hakimu alikuwa fundi wa mambo mawili. La kwanza ni kukunja shuka, na pale kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli hakuna aliyemfikia. La pili ni kusema uongo kwa nia njema. Lile la kwanza lilimlisha yeye na mwanawe. Hili la pili ndilo lililomtoa mbio mjini, mchana kweupe, akiwa amevaa joho la taulo na ndala za hoteli, huku watu wakimpisha njia wakidhani ni mke wa mkubwa fulani aliyechanganyikiwa.

Uongo wenyewe ulianza vizuri tu. Alikuwa mgeni katika nchi ile, kibali hana, na mumewe alishabebwa na watu wa uhamiaji kwenye mjengo alikokuwa akichanganya zege, akarudishwa kwao na suruali yake ya saruji. Tangu hapo mama wa watu akawa na swali moja lisilombanduka: siku wakinibeba na mimi, nani atamchukua mtoto shuleni? Mtoto mwenyewe ni wa darasa la pili, binti aliyebandikwa jina la Hakimu kwa sababu alikuwa akikata kesi za jengo zima bila kuombwa, na hukumu zake hazikuwa na rufaa.

Basi akamwendea Bimkubwa, mwenye nyumba waliyopanga, akamshika mkono na kumwambia kwa sauti ya chini, "Likinikuta la kunikuta, mtoto ni wako. Nimekuchagua wewe tu. Usimwambie mtu."

Bimkubwa akalia, wakakumbatiana, na Mama Hakimu akatoka pale roho nyeupe. Alipofika ngazini akawaza: je, siku hiyo Bimkubwa akiwa amesafiri? Akapanda juu kwa muuguzi, na muuguzi naye akawa wewe tu. Halafu akamfikiria muuguzi na zamu zake za usiku, anavyolala mchana kama gogo, akahamia kwa fundi cherehani. Lakini fundi cherehani ahadi zake kila mtu alizijua. Ukimpa kitambaa cha sare ya shule, mtoto anamaliza masomo sare haijapata vifungo. Kwa hiyo akamalizia kwa kinyozi wa ghorofa ya chini, ambaye alipokea heshima ile akiwa ameshika wembe, na mteja aliyekuwa kitini alipitisha dakika ngumu sana.

Kwa nini hakuwaambia kwamba wako wengi? Alikuwa na sababu yake, na mimi siwezi kumlaumu. Kiwandani alishaona kwamba ukisema "mmoja wenu azime mashine," mashine inanguruma mpaka kesho yake. Ila ukimshika mtu mmoja, akajua ni yeye peke yake, huyo atatoka usingizini na shuka kiunoni kuja kuizima.

Na kweli kila mmoja alijipanga kivyake. Bimkubwa akanunua kitanda kidogo, akasema ni cha wageni. Muuguzi akaanza kuweka biskuti kabatini, yeye asiyekula sukari. Kinyozi, ambaye maisha yake yote alijua kunyoa tu, akaonekana nyuma ya duka akijifunza kusuka nywele kwa kutumia dekio la kufutia sakafu. Hakimu aliyaona yote hayo. Alikula biskuti za juu, akajaribu kitanda cha chini, akamkosoa kinyozi mistari yake, na hakumwambia mtu, kwa sababu kesi ilikuwa bado haijaletwa mbele yake.

Kiwandani shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, wanalivuta likanyooka, wanasogeleana, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Mwenzake Mama Hakimu alikuwa mwanamke wanayemwita Kipenga, kwa ile sauti yake ya kupenya hata ngurumo za mashine za kukamulia. Walikuwa wamekunja pamoja muda mrefu mpaka shuka likawa simu yao. Mtu akivuta mara moja, maana yake msimamizi yuko nyuma yako. Akivuta mara mbili, maana yake njoo katikati, kuna umbea.

Asubuhi ya siku hiyo Kipenga alivuta mara mbili. Walipokutana, mikono imejaa pamba ya moto iliyotoka kwenye pasi, akamwambia, "Shoga, likinikuta la kunikuta, wanangu ni wako. Nimekuchagua wewe tu. Usimwambie mtu."

Mama Hakimu machozi yakamlengalenga. Katika wafanyakazi wote wa kiwanda kile, kachaguliwa yeye. Akapiga kifua, akaapa, akaendelea kukunja huku anajiona mrefu. Na hapo ndipo utakapomjua binadamu alivyo, maana maneno yale aliyatunga mwenyewe, akayatumia kwa watu wanne, na bado yaliporudi kwake aliyaamini kama mtoto mchanga.

Haukupita muda Kipenga akavuta tena, safari hii kwa nguvu mpaka shuka likamponyoka Mama Hakimu mikononi. Haikuwa msimamizi wala umbea. Mlango mkubwa ulikuwa umejaa watu wa uhamiaji, wengine wanazunguka kuziba mlango wa nyuma, na mashine moja baada ya nyingine ikaanza kunyamaza. Mvuke ulipotulia walisikika wanawake wakiita majina ya watoto wao, kana kwamba watoto wako mle ndani.

Mama Hakimu alisimama kama nguzo. Kipenga hakusimama. Alimbeba mwenzake mzobemzobe, akamtumbukiza kwenye toroli kubwa la turubai lililokuwa likisubiri kupakiwa, akamwagia mashuka masafi juu, akaongeza foronya na taulo, kisha akaanza kusukuma kuelekea kwenye lori la hoteli huku akilalamika kwamba wageni wanasubiri na mkate wake utaingia mchanga. Toroli likagoma kupanda ubao wa lori. Ndipo Kipenga, mwanamke asiye na haya, akamwita ofisa mmoja.

"Afande, hebu nisaidie kusukuma."

Ofisa akaja, akatia bega, akaguna, akauliza mashuka gani mazito namna ile.

"Ya vitanda vya watu wanene," akajibu Kipenga.

Kule ndani Mama Hakimu alijaza foronya mdomoni. Hofu ikipita kiasi hugeuka kicheko, na kicheko chake kilikuwa kinamtikisa mpaka taulo za juu zinacheza. Ofisa akasukuma, lori likapokea, mlango ukafungwa. Kitu cha mwisho alichosikia ni sauti ya Kipenga ikiambiwa, kwa upole kabisa, asimame pale na wenzake. Kicheko kikakatika. Toroli lilikuwa la mtu mmoja, na lazima mtu awepo wa kulisukuma. Aliyajua hayo Kipenga kabla hajamwinua mwenzake, na Mama Hakimu alilia njia nzima kwa uchungu, akifuta kamasi kwa mashuka ya watu.

Hotelini alipokelewa na mzee wa stoo, mtu mkavu anayehesabu taulo. Aliinua shuka la kwanza, la pili, akakutana na macho.

"Wewe hukuagizwa," akasema.

Mama Hakimu akamweleza kwa kifupi. Mzee hakuuliza zaidi, akasema tu kwamba lile ovaroli lenye jina la kiwanda mgongoni ni sawa na kutembea na tangazo. Akampa joho la taulo, jeupe, zito, lile wanalovaa wageni wakitoka kuoga, pamoja na ndala zake. Akamshauri asitoke kwa mlango wa nyuma, kwani wafanyakazi hupekuliwa. Atoke kwa mlango wa mbele, ambako hapekuliwi mtu. Mama Hakimu akajikaza kisabuni, akavuka ukumbi wenye zulia, akainua kidevu. Bawabu akampigia saluti na kumtakia mchana mwema.

Alipopinda kona, miguu niponye. Na sasa, katikati ya mbio, likamjia lile jambo ambalo joto la toroli lilikuwa limelificha. Habari za msako zilishasambaa mji mzima. Kwa hiyo Bimkubwa atakuwa ameshatoka. Na muuguzi je? Na fundi? Na kinyozi? Akaomba waende. Kisha akaomba wasiende wote. Kisha akaona aibu kumsumbua Mungu kwa maombi yanayopingana, akakaza mwendo.

Walikuwa wamekwenda wote.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshika tama. Mbele ya meza yake alisimama Bimkubwa, kavaa nguo zake za heshima na kifurushi mkononi. Pembeni yake muuguzi, katoka kitandani na nguo za kulalia, viatu viwili visivyofanana. Fundi cherehani alikuwa na futi ya kitambaa shingoni na pini zimechomekwa kifuani. Kinyozi alishika mkasi, na nyuma yake alisimama mteja wake, shuka la kunyolea bado limefungwa shingoni, ndevu upande mmoja zimeondoka na upande wa pili zimebaki. Huyo alikuwa fundi vigae, jirani wa mitaa ya pili, na hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Ilieleweka kafuata nusu yake.

Mwalimu mkuu alitaka jambo dogo tu, kujua mtoto ni wa nani. Bimkubwa akajitambulisha kuwa bibi yake, mzaa mama. Muuguzi akasema yeye ni mama mdogo, tumbo moja na mama wa mtoto.

"Kwa hiyo huyu ni mama yako mzazi," mwalimu mkuu akasema, akimwonyesha Bimkubwa.

Wawili hao walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya ufagiaji wa ngazi. Bimkubwa akamtazama muuguzi kuanzia viatu kwenda juu, akasema yeye hakumbuki kuzaa mtu asiyejua kusalimia. Fundi cherehani akadakia kwamba yeye ni shangazi, na upande wa baba ndio wenye mtoto. Kinyozi akasema mjomba hana haja ya kubishana. Na Hakimu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha kona, miguu haifiki chini, anasikiliza pande zote bila upendeleo.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mama wa mtoto na joho lake.

Hakimu alimrukia, wakashikana mpaka joho likataka kufunguka. Mwanzoni wale wanne walishangilia, Bimkubwa akapiga vigelegele mle ofisini. Kisha wakatazamana. Kila mmoja akaanza kupiga hesabu kichwani, na vigelegele vikaisha taratibu kama maji kwenye bomba la kukopa.

"Uliniambia mimi tu," akasema muuguzi.

"Niliwaambia nyote hivyo," akasema Mama Hakimu. "Niliogopa. Kila nilipomwachia mmoja niliona hatoshi, na kila nilipotaka kuwaambia mko wengi niliona mtategeana. Nisameheni."

Wakamjia juu. Bimkubwa alikumbusha machozi yake. Kinyozi alikumbusha dekio. Aliyeumia kuliko wote ni fundi cherehani, ambaye alitoa mfukoni gauni la kulalia la mtoto, limeshonwa, limetiwa vifungo na kupigwa pasi, kazi pekee aliyowahi kuimaliza maishani mwake kabla ya siku yake. Mama Hakimu alikuwa anazipokea lawama zote kichwa chini, na ilikuwa katika kuinamisha kichwa ndipo macho yake yalipopenya mlango na kuona benchi la korido.

Kwenye benchi walikaa watoto watano na mabegi yao mapajani. Wanafunzi wengine walishaondoka. Aliwajua wote, ni watoto wa kiwandani: wavulana wawili wa Kipenga, yule binti wa mpiga pasi anayetafuna kola, na mapacha wa mama wa sabuni. Hakuna aliyekuja kuwachukua. Akaelewa mara moja kwa nini, na moyo ukamwuma. Mama zao walikuwa wakweli. Kila mmoja alichagua mtu mmoja, rafiki wa karibu kuliko wote, na rafiki huyo ni yule waliyekuwa wakifua naye. Waliochaguliwa walikuwa wamepakiwa kwenye gari lilelile pamoja nao.

Alitoka, na wale wanne wakamfuata ili waendelee kumgombeza, wakafika kwenye benchi wakanyamaza wenyewe. Bimkubwa ndiye aliyeweka kifurushi chini kwanza.

Mama Hakimu akachuchumaa mbele ya mtoto mkubwa wa Kipenga. "Mama yako amenichagua mimi," akamwambia. "Asubuhi ya leo. Mimi tu."

"Samahani, dada," ikasema sauti nyuma yake. Ni fundi vigae wa nusu ndevu. "Mimi pia aliniambia hivyo. Ndicho kilichonileta."

Kinyozi akageuka, akamwangalia kwa uchungu. Njia nzima alidhani mteja wake anamkimbilia yeye. Na kabla hawajamaliza kushangaa, mlinzi wa geti, mwanamke mpana aliyekuwa amejibanza ukutani, akakohoa na kusema kwamba hata yeye, miezi mingi sasa, ila alikatazwa kumwambia mtu.

Basi Mama Hakimu alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini na joho lake jeupe kwenye sakafu ya shule, na machozi yakimtoka, na hakujua ni ya aina gani. Kipenga, yule mwizi wa maneno. Muuguzi akaanza naye, kisha Bimkubwa, kisha wote, hata mtoto wa kutafuna kola akaachia kola kidogo ili aone vizuri.

Mwalimu mkuu aliijua sheria ya shule kwamba mtoto hatoki na mtu asiyemjua. Alijua pia kwamba watano wale hawawezi kulala kwenye benchi. Hapo ndipo Hakimu alipoona kesi imefika mezani. Akasimama mbele ya wenzake, mikono nyuma, akaanza kuwatambulisha watu wazima mmoja mmoja bila kumwonea wala kumpendelea mtu. Bimkubwa ana kitanda kipya, lakini anakoroma na ukuta unasikia. Muuguzi ana biskuti kabati la juu kushoto, mchana usipige kelele. Kinyozi anasuka vibaya lakini haumizi. Fundi cherehani ana hadithi nyingi na zote ni za kweli kasoro mwisho wake. Fundi vigae hamjui, ila mtu anayekimbia na nusu ndevu hawezi kuwa mbaya.

Mapacha wakachagua biskuti bila kushauriana. Wa kola akakamata kidole cha Bimkubwa, akakoroma kidogo kumjaribu, na Bimkubwa hakukasirika. Wavulana wa Kipenga walikuwa na watu watatu wanaogombania mkono, na kinyozi akashika mabegi yao, akasema mabegi ni yake. Fundi cherehani akaangalia benchi tupu na gauni lake mkononi.

"Watoto wamekwisha?" akauliza.

Wakamwambia atapika. Akanuna, akakubali, na jioni ile chakula kikaiva kwa wakati, jambo lililozungumzwa muda mrefu.

Wote waliishia sebuleni kwa Bimkubwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kutangulia kuondoka na wake. Mwalimu mkuu alikuja kukagua watakapolala, akapewa sahani, akasahau kukagua. Fundi vigae akanyolewa upande wa pili kwenye kiti cha chakula huku watoto wakimwelekeza kinyozi. Jua lilikuwa linazama simu ya Mama Hakimu ilipolia kwa namba asiyoijua. Hakuhitaji kuweka spika. Sauti ile ilijaza sebule yenyewe.

"Nani kawachukua wanangu?" akauliza Kipenga.

"Mimi," akasema Mama Hakimu.

"Mimi," akasema fundi vigae, na povu mashavuni.

"Na mimi," akasema mlinzi wa geti, na nyuma yake kinyozi na wengine wasiohusika.

Upande wa pili kikasikika kicheko, na nyuma yake sauti za wanawake wengi kwenye chumba kimoja wakiulizana kuna nini, na Kipenga akiwaambia, na majina ya watoto yakiitwa tena, safari hii moja moja, na sebule ikiitika kwa kila jina. Hakujua watawaachia au watawarudisha kwao, alisema, wala hakujua lini. Kisha muda wake ukaisha na simu ikakatika katikati ya neno.

Mama Hakimu akainuka kuandaa matandiko, maana mikono yake haikujua namna nyingine ya kusubiri. Akatoa shuka kwenye kamba, akalitikisa, na kwa mazoea akarusha pembe mbili za upande wa pili. Hakukuwa na mtu. Mtoto mkubwa wa Kipenga akashuka kitini, akaziokota, akarudi kinyumenyume mpaka shuka likanyooka. Alivuta sawasawa, kama mtu aliyefundishwa nyumbani. Kisha akavuta mara mbili.

Mama Hakimu akasogea, wakakutana katikati, pembe kwa pembe. Mtoto akainuka kwa ncha za vidole mpaka sikioni kwake.

"Nitalala kwako," akanong'ona. "Nimekuchagua wewe tu. Usimwambie mtu."

Kule kwenye kiti cha chakula fundi vigae alikuwa anajifuta macho na pembe ya shuka la kunyolea, na mlinzi wa geti alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyepewa siri. Mama Hakimu aliwaona wote wawili. Na bado, huku akiendelea kukunja, aliamini kila neno.